Mistari ninayokariri haikai hata mwezi: nakosea wapi?

Abiria_wa_Kimara aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naomba msaada wa utendaji zaidi kuliko wa kutiwa moyo. Tangu Januari nakariri mstari mmoja kila siku nikiwa kwenye mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni. Asubuhi nauchukua kwenye programu ya Biblia ya simu, jioni nausema bila kuangalia, na jioni hiyo unatoka vizuri tu. Lakini nikiirudia ya mwezi uliopita, napata maneno mawili ya mwanzo na wazo kwa jumla. Maneno yenyewe yameyeyuka, na sura na mstari sikumbuki kabisa. Kati ya mistari zaidi ya tisini, ninayoisema neno kwa neno haifiki kumi, na hiyo kumi karibu yote ni ya tangu Shule ya Jumapili.

Je, nipunguze kiasi? Nirudie mara ngapi, na baada ya muda gani? Nishike tafsiri ipi, maana programu leo inanipa Union, kesho Habari Njema? Na ile mbinu ya kuandika herufi ya kwanza ya kila neno, ambayo watu wanaisifu sana mitandaoni, mbona kwangu haifanyi kazi?

Mara nyingi nasafiri nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, kwa hiyo kuandika njiani haiwezekani.

Kadi_na_Boksi alijibu:

Amina, ndugu yangu. Kichwa chako hakina tatizo. Unaingiza kila siku na hurudii, na hapo unachota maji kwa pakacha.

Mstari uliousema vizuri jioni bado ni mbichi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 utafiti wa kumbukumbu alioufanya kwa kujipima mwenyewe, alionyesha kwamba kusahau kunakimbia sana katika saa na siku za mwanzo, kisha mwendo wake unapungua. Yeye alitumia silabi zisizo na maana, na Maandiko yenye maana hukaa zaidi ya hapo, lakini mteremko ni ule ule. Ndiyo maana marudio ya mwanzo yanatakiwa yawe karibu karibu, ya baadaye yaachane. Wewe umeyaweka yote siku ya kwanza.

Punguza hadi mistari miwili mipya kwa wiki. Najua inasikika kidogo, lakini kwa mwaka ni mistari 104, na Waraka kwa Wafilipi wote, sura nne, una mistari 104 kamili. Anayetunza miwili kwa wiki ana waraka mzima mwisho wa mwaka. Anayeokota saba kwa wiki ana kumi, kama ulivyosema mwenyewe.

Mpangilio wa marudio ni wa kadi na boksi. Nunua karatasi ya manila. Ukipata ya A1 (sentimita 59 kwa 84) unatoa kadi 64 za sentimita 7 kwa 10. Upande mmoja andika rejea tu, upande wa pili maneno. Tumia kalamu ya kawaida ya mpira, usitumie ya wino wa maji, kwa sababu kwa jasho la Dar kadi iliyokaa mfuko wa shati asubuhi moja ya Februari inageuka doa. Boksi la viatu linatosha. Ndani yake weka vigawanyio 41: kimoja cha KILA SIKU, viwili vya WITIRI (tarehe zisizogawanyika kwa mbili) na SHUFWA (zinazogawanyika), saba vya siku za wiki, na 31 vya tarehe za mwezi.

Kadi mpya inaanzia KILA SIKU. Inakaa pale mpaka useme siku saba mfululizo bila kosa hata la neno moja. Ukikosea siku ya sita, unaanza kuhesabu upya. Kisha inahamia WITIRI au SHUFWA, yaani unaisema siku moja na kuiruka moja, kwa wiki mbili. Halafu inakwenda kwenye siku moja ya wiki, tuseme Alhamisi, kwa miezi miwili. Mwisho inakwenda kwenye tarehe, na hapo unaisema mara moja kwa mwezi maisha yako yote.

Kwa hiyo kila asubuhi unafungua sehemu nne tu. Leo ikiwa Alhamisi tarehe 14, unachukua KILA SIKU, SHUFWA, ALHAMISI na 14. Nimekupigia hesabu ya mzigo: kwa mistari miwili mipya kwa wiki, baada ya mwaka mzima utakuwa unasema mistari kama tisa kwa siku. Nusu dakika kila mmoja, haifiki dakika tano. Watu wanaogopa kwamba boksi litawalemea, kumbe linaongezeka polepole sana, maana mistari ya tarehe inagawanywa kwa 31.

Mahali linapoharibika ni hapa. Mtu akikosa siku mbili, siku ya tatu anataka kulipa deni lote, anakaa na kadi thelathini, anachoka, boksi linaingia uvunguni. Usilipe deni. Fungua sehemu ya leo, endelea. Kadi iliyorukwa itarudi kwa zamu yake. Lakini ikirudi ukakwama kipande kizima, irudishe KILA SIKU kwa siku tatu kabla ya kuipeleka ilikotoka. Ukikosea neno moja tu, sahihisha hapo hapo na uiache mahali pake.

Jambo la pili la lazima: kusoma tena si kukumbuka. Kinachoshikisha ni kuutoa mstari kichwani wakati kadi imefunikwa. Ukikwama, vumilia hadi sekunde kumi kabla hujageuza kadi. Ule ugumu ndio unaofanya kazi. Na ukishaona jibu, usiseme neno lililopotea peke yake. Anzia kipande kilicholitangulia, pita juu yake, fika mwisho, mara tatu. Neno lililosahihishwa peke yake linabaki kisiwani, kesho utalikosa tena pale pale.

Rejea itamkwe kabla na baada. "Zaburi mia na ishirini na moja, mstari wa kwanza," maneno, kisha tena "Zaburi mia na ishirini na moja, mstari wa kwanza." Rejea inapotea kwa sababu watu huisoma kwa macho bila kuitamka. Namba hizi za mistari si sehemu ya maandiko ya kale. Mgawanyo wa mistari tunaoutumia leo ulichapwa na Robert Estienne mwaka 1551, kwenye Agano Jipya la Kigiriki. Ni anwani. Na anwani usipoitamka pamoja na nyumba, utabaki na nyumba usiyojua iko mtaa gani.

Mwl_Kiswahili alijibu:

Nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi nijibu hili la herufi za kwanza, kwa sababu linawakatisha tamaa wengi bila kosa lao.

Mbinu ile inafaa lugha ambazo neno linaanza na shina lake. Kiswahili kinaanza na viambishi: ku-, m-, wa-, ni-, ya-, na viunganishi vifupi kwa, na, katika. Herufi ya kwanza haikupi habari yoyote. Tazama Wafilipi 4:6 katika Union:

"Msijisumbue kwa neno lo lote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu."

Ukihesabu "lo lote" kuwa maneno mawili, kama chapa za zamani zinavyoandika, mstari una maneno 22. Saba yanaanza na k, sita yanaanza na n. Yaani herufi 13 kati ya 22 ni k au n! Utakaa unatazama "k k n k k n k" kama mtu anayesoma namba ya simu.

Andika mashina badala yake, yale yanayobeba maana:

sumb, lote, bali, kila, sal, omb, shuk, haja, jul.

Vidokezo tisa, na mstari wote umo. Siku ya kwanza andika tisa, siku ya tatu acha vitano (sumb, bali, sal, shuk, haja), siku ya tano viwili (sumb, haja), kisha funika. Viambishi vitajirudisha vyenyewe kwa sababu ulimi wako unajua upatanisho wa Kiswahili tangu ukiwa mtoto.

Vinajirudisha karibu vyote, niseme hivyo. Union ilitoka mwaka 1952 na ina maumbo ambayo ulimi wa leo unataka kuyasahihisha. Hapo ndipo makosa yanapoingia, kwa hiyo yapige mstari mwekundu kwenye kadi kabla ya kuanza. Kwenye huo huo mstari wa 6 yako mawili. "Neno" hapa ni jambo: msijisumbue kwa jambo lolote. Asiyejua hilo anadhani habari ni ya maneno ya watu, na akili haishiki kile isichokielewa. Halafu tazama "haja zenu na zijulikane na Mungu". Hizo "na" mbili si ndugu. Ya kwanza ni ya kutaka jambo litendeke, kama "na aje" au "na iwe". Ya pili inamtaja mtendaji: zijulikane na nani? Na Mungu. Wengi wanaidondosha ya kwanza, wanasema "haja zenu zijulikane na Mungu", kwa sababu hawakujua inafanya kazi gani. Ukishajua, haidondoki tena.

Mstari wa 7 una mtego mwingine: "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu". Mwenye sarufi nzuri anasahihisha bila kukusudia, anasema "itaihifadhi mioyo". Iache kama ilivyo. Ile -wa- inawarejea ninyi, wenye mioyo. Amani inawashika watu wenyewe, na hilo linafaa kutafakariwa kwa muda wake.

Mfano mwingine wa kuangalia kwa karibu ni Wagalatia 5:22-23. Kwanza, ni "tunda la Roho", umoja. Karibu kila mtu mtaani anasema "matunda", na akishaanza na matunda, mstari wote anausema kwa mazoea bila kuusikiliza. Sifa ni tisa, zigawe tatu tatu: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Sasa angalia: kila kundi linaanza na neno la u. Kundi la pili na la tatu yana u mbili kisha herufi nyingine: u, u, f, u, u, k. Watu hubadilishana utu wema na fadhili kwa sababu maana zinakaribiana, lakini ukikumbuka kwamba f inafunga kundi la pili, huwezi kuteleza.

Pia Warumi 8:38-39. Zihesabu "wala": ni kumi. Saba ziko mstari wa 38, tatu mstari wa 39. Zinakwenda mbili mbili: mauti na uzima, malaika na wenye mamlaka, yaliyopo na yatakayokuwapo, yaliyo juu na yaliyo chini. Kisha kuna mpweke mmoja, "wenye uwezo", anayefunga mstari wa 38, na wa mwisho kabisa ni "kiumbe kinginecho chote". Kosa la kawaida ni kumvuta "wenye uwezo" akae jirani na "wenye mamlaka", kwa kuwa wanafanana. Akishahama, jozi zote zilizobaki zinavurugika. Mkumbuke huyo mpweke wa saba, na orodha itasimama.

Mzee_wa_Usharika alijibu:

Vijana wangu mmesema vema. Naongeza la tafsiri, na jingine ninaloliona zito zaidi.

Shika tafsiri moja. Haitoshi kusema Union ni nzuri au Habari Njema ni nyepesi. Zote zinasomeka, lakini kumbukumbu haiwezi kushika maneno mawili mahali pamoja. Union ikisema BWANA, Habari Njema inasema Mwenyezi-Mungu, na kuanzia hapo sentensi nzima inapumua vingine. Ukichanganya utapata mstari wa tatu ambao haumo katika Biblia yoyote. Ibada zinazosomwa na usharika wako, kitabu cha nyimbo, na mahubiri unayoyasikia kila Jumapili viko katika tafsiri gani? Shika hiyo, kwa sababu kila ikisomwa madhabahuni unapata marudio ya bure. Kwa Waprotestanti wengi wa hapa Dar ni Union. Ile ya pili ifungue wakati wa kuelewa, kisha uifunge. Kwenye programu, zima ule mstari wa siku, maana ndio unaokuletea tafsiri ya kila namna.

Sasa lile zito. Mstari wa siku unakuja peke yake, umeng'olewa shambani. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", unabandikwa nyuma ya bajaji na unasemwa kabla ya mtihani. Ukikariri wa 12 pamoja nao, unasikia Mtume akisema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo "mambo yote". Yeremia 29:11 nao uambatane na wa 10, wenye miaka sabini ya Babeli.

Katika Mathayo 4 Ibilisi mwenyewe anasema mstari kwa ghibu. Ananukuu Zaburi 91:11-12, na anaacha maneno "katika njia zako zote". Bwana wetu anajibu mara tatu, na mara zote tatu majibu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hayo ni majibu ya mtu anayelijua shamba zima, na ndiyo sababu kipande kilichong'olewa hakikumbabaisha. Ndugu yangu, Neno likikaririwa vipande vipande bila kwao, linaanza kutumiwa kama hirizi, na hirizi haimjengi mtu.

Kwa hiyo anza na zaburi fupi nzima. Zaburi 121 ina mistari minane, kwa mwendo wa miwili kwa wiki ni mwezi mmoja. Kisha Wafilipi 4:4-9, mistari sita, wiki tatu. Kisha Zaburi 1, sita mingine. Kila unapoanza kifungu, kisome chote kwa sauti mara kumi kabla hujashika mstari wa kwanza, ili ujue njia inakoelekea.

Na usione aibu kusogeza midomo njiani. Zaburi 1:2 inasema "huitafakari mchana na usiku", na neno la Kiebrania pale ni hagah, kunena kwa sauti ya chini. Isaya analitumia kwa hua anayeomboleza (38:14) na kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (31:4). Ni kazi ya koo na midomo, macho peke yake hayatoshi.

Mama_Watoto_Mbagala alijibu:

Shalom, wapendwa. Kwa wanaofundisha Shule ya Jumapili, kariri ya pamoja ina tatizo moja kubwa: darasa la watoto arobaini likisema kwa sauti moja, watoto kumi wanaujua mstari na thelathini wanafuata mwangwi. Andika mstari ubaoni, wausome wote mara tatu, kisha futa maneno mawili, wasome tena. Endelea kufuta mawili mawili. Anza na nomino na vitenzi, viunganishi viache mwisho. Ubao ukibaki mtupu, wagawe watatu watatu: mmoja anasema, wa pili anashika Biblia, wa tatu anahesabu makosa kwa vidole. Ndani ya dakika tano kila mtoto amesema peke yake na umewajua wanaohitaji msaada.

Mtoto wa miaka mitano hadi saba mpe mstari mmoja kwa wiki mbili, usiozidi maneno kumi na mawili hivi. "Neno lako ni taa ya miguu yangu, Na mwanga wa njia yangu" unatosha. Ishara za mikono zinasaidia, ila ziwe zile zile kila wiki. Mwalimu mgeni akibadilisha ishara, watoto wanapoteza na maneno. Ukiupa mstari wimbo, hakikisha wimbo haujakata wala kurudufisha neno, maana mtoto atausema jinsi alivyouimba mpaka akiwa mtu mzima.

Ndugu zetu Wasabato wana mpango mzuri wa fungu la kukariri kila juma, mafungu 13 kwa robo ya mwaka. Ninachoshauri ni kwamba juma la nne, la nane na la kumi na mbili yasemwe yote ya nyuma kwa mfululizo, badala ya kusubiri mwisho wa robo.

Abiria_wa_Kimara alijibu:

Mbarikiwe sana, nimeelewa mambo mengi. Kumbe zile k na n zilikuwa zinanitesa bure.

Nina mambo mawili bado. Nikisema mstari mmoja mmoja unatoka, lakini nikiunganisha kifungu nakwama kati ya mstari na mstari. Zaburi 23 yenyewe naijua tangu utoto, ila nikifika wa nne wakati mwingine naruka hadi wa sita. La pili, ile mistari tisini ya zamani niifanyeje? Kuitupa naona uchungu.

Kadi_na_Boksi alijibu:

Kukwama kwenye kiungo ni kosa la kadi zenyewe, na nilipaswa kulitaja mapema. Kadi ya mstari mmoja mmoja inafundisha mistari na kuua viungo. Tiba yake: fanya zoezi la viungo peke yake. Maneno matatu ya mwisho ya mstari, maneno matatu ya kwanza ya unaofuata, basi. "Ya jina lake... Naam, nijapopita kati," "fimbo yako vyanifariji... Waandaa meza mbele." Mara tano kila kiungo. Zaburi yenye mistari sita ina viungo vitano tu, dakika mbili umemaliza. Kisha kifungu kikishafika hatua ya siku za wiki, kusanya kadi zake zote ufanye kadi moja yenye kifungu kizima, na kutoka hapo usiyatenganishe tena.

Zaburi 23 ina ramani yake ndani. Mstari wa 1 hadi wa 3 unamsema BWANA kwa mbali: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Kwenye bonde la uvuli wa mauti unageuka na kusema naye uso kwa uso: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami". Wa 5 unaendelea kusema naye: waandaa, umenipaka. Wa 6 unarudi kumsema, "nyumbani mwa BWANA". Wewe ukitoka wa 4 kwenda wa 6 unairuka meza. Kwa hiyo baada ya "vyanifariji" jiulize: bado nasema naye? Ndiyo, basi ni "Waandaa meza". Na hakikisha ni gongo kwanza, fimbo baadaye.

Njiani ukiwa umesimama, vidole vya mkono wa bure vinatosha. Kila kipande cha mstari ni kidole kimoja, ukikibonyeza na gumba. Wafilipi 4:6 una vipande vinne: "Msijisumbue kwa neno lo lote", "bali katika kila neno kwa kusali na kuomba", "pamoja na kushukuru", "haja zenu na zijulikane na Mungu." Vidole vinne, gumba ni rejea. Kidole kitakachobaki kimya ndicho kipande kilichopotea, na unaweza kukirudia bila kutoa simu mfukoni. Usitumie simu njiani, ujumbe mmoja ukiingia mstari umekwisha. Ukipenda kusikiliza, jirekodi sauti yako: sema kipande, nyamaza kwa muda ule ule, kipande kinachofuata, nyamaza. Ule ukimya ni wa wewe kukisema kabla hakijaja. Rekodi isiyo na ukimya inakuwa redio tu.

Kuhusu ile tisini, usiitupe na usiibebe yote. Pitia orodha, chagua kumi ambayo moyo wako unaihitaji sasa, ipe kila mmoja jirani yake wa juu na wa chini, uiingize KILA SIKU kwa zamu, ndani ya ile miwili ya wiki. Usiongeze juu yake. Kitu ulichowahi kukijua kinarudi haraka kuliko kipya, mingi utaivusha WITIRI na SHUFWA bila jasho. Iliyobaki iache kwenye programu ilipo. Ukifika sura zake, utaikuta inakusubiri.

Na zile kumi za Shule ya Jumapili, Yohana 3:16 na wenzake, ziweke tarehe 29, 30 na 31. Tarehe 31 inakuja mara saba tu kwa mwaka, na Februari mara nyingi inaishia 28, kwa hiyo kadi changa ukiiweka huko inaweza kukaa miezi miwili bila kuguswa. Yohana 3:16 haitadhurika.

Mwl_Kiswahili alijibu:

Nyongeza ndogo kwenye kadi. Nakili kutoka Biblia yenyewe, kisha mtu mwingine akusomee ulichoandika wakati wewe unafuata kwenye Biblia. "Mwanawe" ikiandikwa "mwana wake" siku ya kwanza, utaikariri hivyo kwa uaminifu wote, na kuifuta baadaye ni kazi kubwa kuliko kuikariri upya. Dakika mbili za ukaguzi kabla kadi haijaingia boksini.